Maisha ya Abraham Block, Mwenye Hoteli wa Nairobi

Wenyeji wa Mazingara, na wote wakaao kati ya Handeni na Korogwe, wamezoea kuwaona wasafiri. Zamani misafara ilipanda kutoka Pangani ikifuata bonde la mto, wapagazi wakilala penye maji na wenye mali wakiomba nyumba kwa wakubwa wa vijiji. Siku hizi mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha husimama Korogwe, watu wakashuka, wakala, wakanyosha miguu, wakaendelea na safari. Basi kazi ya kumpokea mgeni kwa malipo si kitu kigeni kwetu. Mwezi huu twapenda kuwasimulia ndugu wasomaji maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo mpaka jina lake likajulikana Afrika ya Mashariki yote, naye ni Abraham Block wa Nairobi, aliyekuwa mwenye hoteli mbili kubwa, Norfolk na New Stanley. Alizaliwa mwaka wa 1883, akafa mwaka wa 1965.

Hakuwa Mkristo. Alikuwa Myahudi, mtu wa taifa lile ambalo habari zake twazisoma killa Jumapili katika Agano la Kale. Twadhani maisha yake yatufaa, kwa kuwa yana mambo mengi ya kusifiwa, tena lina ndani yake jambo moja zito ambalo hatutalificha.

Alizaliwa upande wa Vilna katika nchi ya Lithuania, ambayo siku zile ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wayahudi wa huko walikuwa maelfu na maelfu, lakini hawakuhesabiwa kuwa wenyeji. Sheria iliwataka wakae katika sehemu zilizowekwa tu. Walizuiwa kununua mashamba, na watoto wao walihesabiwa kwa kidole katika shule za Serikali. Katika miaka ya 1881 na 1882 watu wa miji mingi ya kusini ya Urusi waliwashambulia Wayahudi, wakavunja nyumba na maduka yao. Na mwaka ule wa 1882 Serikali, badala ya kuwalinda, ikawaongezea sheria ngumu. Mtoto aliyezaliwa baada ya hayo alikua akisikia wazee wakizungumza habari moja tu, yaani kuhama. Wengi walivuka bahari kwenda Marekani. Lakini Wayahudi wa Lithuania walikuwa na njia yao nyingine: walikwenda Afrika ya Kusini, kwenye dhahabu, na hata leo Wayahudi walio wengi wa nchi ile ni wajukuu na vitukuu wa watu wa Lithuania. Abraham Block naye alishika njia hiyo angali kijana.

Afrika ya Kusini haikumpa utulivu. Vita ya Waingereza na Makaburu ilianza mwaka wa 1899 ikaisha mwaka wa 1902, na baada yake kazi zilikuwa chache na watu wengi. Ndipo ikasikiwa habari mpya. Waziri wa Uingereza aliyesimamia makoloni, Joseph Chamberlain, alikuwa amepita Afrika ya Mashariki akienda kusini, akaona nchi ya juu yenye baridi na majani mabichi. Mwaka wa 1903 Serikali yake ikawaambia wakubwa wa Wayahudi, ambao kiongozi wao alikuwa Theodor Herzl, kwamba yaweza kuwapa sehemu ya nchi hiyo, upande wa Uasin Gishu, ili watu wao walioteswa wapate kukaa. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, Wayahudi wa mji wa Kishinev katika dola ya Urusi walikuwa wameuawa na kunyang'anywa mali, hata dunia nzima ikashtuka.

Shauri lile halikutimia. Wazungu waliokwisha kukaa Nairobi, Lord Delamere mbele yao, walilipinga kwa nguvu. Wayahudi wenyewe waligawanyika, maana wengi hawakutaka nchi yo yote isipokuwa Yerusalemu na viunga vyake. Watu watatu wakatumwa kuitazama Uasin Gishu, wakarudi na habari zisizopendeza, na mwaka wa 1905 mkutano wao mkuu huko Basel ukalikataa kabisa. Wamasai na Wanandi, waliokuwa wakichunga ng'ombe zao katika nchi ile, hawakuulizwa neno, wala na Waingereza wala na wengine. Jambo hilo msomaji na aliweke moyoni, kwa sababu litarudi.

Hata hivyo watu wachache hawakungoja mkutano. Abraham Block alifika Mombasa mwaka wa 1903, umri wake miaka 20, hana mali ya kutajwa. Alipanda gari la moshi mpaka Nairobi. Reli ya Mombasa ilifika pale mwaka wa 1899, kama vile reli ya Tanga ilivyofika Korogwe kwetu mwaka wa 1902, na Nairobi yenyewe haikuwa mji bado, ila mabanda ya mabati, mahema, matope ya mvua na mavumbi ya kiangazi. Simba walisikiwa usiku. Mtu aliyekuwa na nguvu, na asiyeona haya kufanya kazi yo yote, aliweza kuanza pale.

Block hakuona haya. Alipata shamba upande wa Kiambu, akalima, akauza mazao sokoni, akanunua hiki akauza kile. Lakini kazi ndogo ambayo watu wa Nairobi waliisimulia kuliko zote ni ile ya magodoro.

Alikuwako mjini mama mmoja jina lake Mayence Bent, mwanamke hodari kweli kweli. Alianzisha nyumba ya wageni juu ya duka moja katika Victoria Street, akaiita Stanley, kwa jina la yule msafiri Henry Morton Stanley. Wageni wakawa wengi kuliko vitanda, na vitanda vikawa vingi kuliko magodoro, kwa maana godoro la kutoka Ulaya lilikuwa la kungojwa miezi. Sisi wa huku twajua kwamba godoro zuri hujazwa sufi, na msufi haukosi Tanga. Nairobi hapakuwa na sufi. Block akaona majani yaliyokatwa na kukauka, ambayo hakuna aliyeyataka. Akanunua nguo katika maduka ya Wahindi, akashona mifuko, akaijaza majani yale, akapitisha uzi toka upande huu hata upande wa pili ili majani yasikusanyike mahali pamoja, akayapeleka kwa Mama Bent. Naye akayapokea, akayalipa. Hivyo mkono wa Block uliingia katika kazi ya hoteli kwa sindano kabla ya kuingia kwa fedha.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kama kwamba utajiri ulitoka katika godoro lile moja kwa moja. Sivyo. Kati ya magodoro na hoteli yake ya kwanza ilipita miaka zaidi ya 20, na miaka hiyo ilikuwa ya kulima, ya hasara, ya kuanza tena. Mwaka wa 1914 ikaja vita kuu, na baada yake bei za mazao zikapanda na kushuka. Wengi waliokuja pamoja naye walirudi kusini. Yeye alioa mke, Sarah, akapata watoto, akakaa. Wayahudi wachache wa Nairobi walikuwa wamefanya usharika wao tangu mwaka wa 1904, na nyumba yao ya kwanza ya sala ilijengwa miaka ya 1912 na 1913. Watu wale hawakutimiza mia moja, lakini walijenga. Katekista mwenye washarika mia tatu na kanisa la miti aweza kulifikiri hilo.

Sasa yatupasa kuisimulia Norfolk. Hoteli hii ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka wa 1904, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa nyumba ya wakubwa. Waliokuja kuwinda walianzia safari pale. Rais wa Marekani aliyetoka kazini, Theodore Roosevelt, alipokuja kuwinda mwaka wa 1909, msafara wake ulikuwa na wapagazi mamia, na Nairobi ikapata sifa ulimwenguni. Barazani mwa Norfolk masetla walikaa jioni wakinywa na kuzungumza habari za mashamba.

Baraza lile lina habari nyingine pia. Mwezi wa Machi mwaka wa 1922 Serikali ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyewatetea watu kwa ajili ya kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Tarehe 16 maelfu ya watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na hoteli, wakitaka afunguliwe. Wengine walikuwa wakisali. Wanawake wakawahimiza wanaume, na mmoja wao, Mary Muthoni Nyanjiru, akawa mbele. Askari wakapiga bunduki, yeye akafa pamoja na wengine. Serikali ilihesabu wafu 21. Watu wa mji walisema ni wengi zaidi. Tena mashahidi walisema ya kuwa Wazungu waliokuwa katika baraza la Norfolk nao walipiga.

Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 1927, Abraham Block aliinunua Norfolk. Mauaji yale hayakuwa yake. Lakini alinunua nyumba pamoja na desturi zake, nasi twafika sasa kwenye jambo lile zito.

Desturi ilikuwa hivi. Hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu tu. Mhindi mwenye maduka kumi hakupewa chumba. Mwafrika, awe mwalimu, awe mchungaji, awe mtoto wa mkuu, hakuingia kwa mlango wa mbele. Aliyekuja mjini alichukua kipande chake shingoni, akaenda kulala Pumwani au kwa ndugu yake katika mabanda ya wafanya kazi. Ndani ya hoteli Waafrika walikuwako, tena wengi. Ndio waliotandika vitanda, waliofua mashuka, waliopika mikate na kubeba sahani, wamevaa kanzu nyeupe. Walivijua vyumba vyote, ila hawakulala katika hata kimoja. Hali hii haikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka wa 1946 watu wachache wenye nia njema, Waafrika, Wahindi na Wazungu, walifanya chama chao, United Kenya Club, kwa sababu watu wa rangi mbalimbali waliotaka kukutana na kula pamoja hawakuwa na mahali pa namna hiyo. Karibu na mwaka wa 1960 ndipo milango ile ya hoteli ilipofunguka.

Block aliifuata desturi ya mji. Wako wasemao kwamba mfanya biashara hana la kufanya, kwamba kama angefungua mlango masetla wangeondoka wote na nyumba ingefungwa kwa deni. Neno hilo lina kweli ndani yake. Nairobi ya miaka ile haikumstahimili sana hata Myahudi mwenyewe. Katika vilabu vya Waingereza wako waliomwangalia kwa kando, na aliyekuwa mgeni nusu huogopa kuwaudhi wenyeji wa meza. Lakini sisi twaona vigumu kupita bila kutua. Mtu huyu alitoka katika nchi ambamo sheria ilimwambia mahali pa kukaa na mahali pasipo pake. Alikuja Afrika kwa ajili ya shauri la kuwatafutia waliofukuzwa mahali pa kulala. Akatajirika kwa kuwalaza watu. Na watu wa nchi wenyewe, waliompokea bila kuulizwa, hawakuwa na kitanda katika nyumba yake. Torati aliyoisikia tangu utoto inataja mgeni mara nyingi, na killa mara inamkumbusha Mwisraeli ya kuwa yeye naye alikuwa mgeni katika Misri. Nasi Wakristo tuna Torati ile ile, na miaka ile ile makanisa ya Nairobi yalikuwa na ibada za Wazungu mbali na ibada za Waafrika. Kwa hiyo atakayempima Block na achukue mizani moja kwa wote wawili.

Wakati hoteli yake ilipokuwa ikistawi, mambo ya kutisha yakatokea kule alikozaliwa. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Lithuania mwezi wa Juni mwaka wa 1941. Kabla mwaka haujaisha Wayahudi wengi sana wa nchi ile walikuwa wameuawa, wakiwamo watu wa Vilna waliopelekwa katika msitu wa Ponary na kupigwa risasi kando ya mashimo. Vita ilipokwisha, katika kila kumi waliokuwako hawakusalia hata mmoja. Mji wa utoto wake ulibaki, watu wake hawakubaki.

Sisi wa Usambara na Uzigua tulipata Injili kwa mikono ya Wajerumani, watu wa Betheli waliofika Mlalo mwaka wa 1891, nasi twawakumbuka kwa shukrani. Shukrani hiyo haituzuii kusema kweli. Luther mwenyewe, katika uzee wake, mwaka wa 1543, aliandika juu ya Wayahudi maneno makali yasiyomfaa mhubiri wa neema, na wauaji wa karne ya ishirini waliyatumia. Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano wake wa Budapest mwaka wa 1984, liliyakataa maneno hayo waziwazi. Katekista aulizwaye na vijana juu ya jambo hili asikae kimya.

Turudi Nairobi. Mwaka wa 1947 Mayence Bent, ambaye tangu kuolewa mara ya pili aliitwa Mama Tate, alikuwa amezeeka. Nyumba yake ya kwanza ya Victoria Street ilikwisha kuungua kwa moto mwaka wa 1905, naye alianza upya pasipo kukata tamaa, hata akajenga New Stanley katika barabara ambayo leo yaitwa Kimathi. Sasa alitaka kuuza. Aliyenunua ni Abraham Block. Yule kijana aliyeleta magodoro ya majani kwa mlango wa nyuma, baada ya miaka zaidi ya 40, akapewa funguo. Hatujui biashara nyingi za Nairobi zilizokwenda mzunguko mzuri kama huo, na twakiri kwamba sehemu hii twapenda kuisimulia.

Waliofanya kazi ya hoteli watafahamu mzigo alioutwaa. Shamba laweza kungoja kesho, hoteli haingoji. Maji ya moto lazima yawepo alfajiri, mikate iwe tayari kabla mgeni hajaamka, mashuka yabadilishwe hata kama mvua imenyesha wiki nzima, na hesabu zifungwe usiku watu wakisha kulala. Mgeni aliyelala vizuri hasemi kitu. Aliyelala vibaya awaambia watu kumi. Block na wanawe, Jack na mdogo wake ambaye watu walimwita Tubby, walifanya kampuni moja, nayo ikawa kubwa katika kazi ya kupokea watalii, mpaka kwenye mbuga za wanyama. Ndege zilipoanza kuleta watu wengi, New Stanley ikawa njia panda ya wasafiri wa Afrika nzima. Katika ua wake palipandwa mgunga, na wasafiri walibandika karatasi shinani: huyu amwarifu rafiki yake kwamba ametangulia Kampala, yule atafuta mwenzake wa kwenda naye Cairo. Kabla ya simu za mkononi, mti ule ulifanya kazi ya posta.

Tarehe 12 Desemba mwaka wa 1963 Kenya ilipata uhuru. Mzee Block alikuwa na miaka 80. Wazungu wengi waliuza mali zao wakaondoka. Yeye alikuwa amekwisha kuhama mara mbili katika maisha yake, hakuhama tena. Aliishi kuona mawaziri Waafrika wakipanda ngazi za Norfolk na kuletewa chakula katika baraza ile ile ya mwaka wa 1922. Mwaka wa 1965 akafariki.

Wanawe waliishika kazi. Jack alikufa maji mwaka wa 1983 akivua samaki katika nchi ya Chile. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka wa 1980, watu wakiwa wamekaa mezani Norfolk kuuaga mwaka, bomu lililowekwa katika nyumba lililipuka. Watu wapatao 20 walikufa, wageni na watumishi, na wengi zaidi waliumizwa. Ilifikiriwa kuwa lilikuwa kisasi juu ya Kenya, kwa kuwa mwaka wa 1976 iliziruhusu ndege za Israeli kutua Nairobi zilipotoka Entebbe kuokoa mateka, na kwamba hoteli ilichaguliwa kwa sababu ya taifa la mwenyewe, aliyekuwa kaburini miaka 15. Sehemu iliyobomoka ikajengwa tena. Hoteli zote mbili zilipita katika mikono ya makampuni mengine.